Kwa nini gauni la pamba hushonwa kwa kufikiria siku litakapofumuliwa

KWA Watanzania wengi waishio mijini, jina la Samunge linakumbusha mwaka 2011, pale foleni ya magari ilipopinda kilomita kwa kilomita na maelfu ya watu wakakesha porini wakisubiri kikombe cha Sh500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika zaidi kwa jina la Babu. Mzee huyo alifariki dunia mwaka 2021. Foleni ilikwishatoweka zamani, na kijiji kikarudia maisha yake ya mifereji ya umwagiliaji, mbuzi na mizinga ya nyuki.

Samunge ni kijiji cha Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, katika Wilaya ya Ngorongoro, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini Arusha. Umbali huo ndio unaokifanya mahali pafaapo kuelezea jambo ambalo mtu wa Kariakoo, mwenye maduka ya vitenge mbele na nyuma, hulipita bila kulitazama. Nalo ni hesabu anayoifanya mwanamke kabla hajaruhusu mkasi uguse kitambaa chake.

Kitenge cha yadi sita kinachofika kijiji cha mbali namna hiyo kimekwisha kubebeshwa gharama ya kiwanda, ya duka la jumla na ya barabara. Kikiwa bado kizima kina kazi nyingi. Hufungwa kiunoni, huazimwa kwenda msibani, hutolewa zawadi kwa mzazi, na siku ya shida huuzwa. Kikishakatwa kwa vipimo vya kiuno cha mtu mmoja, kazi hizo karibu zote hufa. Kinabaki kuwa gauni la fulani. Mwanamke anayelijua hilo humpa fundi masharti yake: pindo liwe nene, kitambaa cha ziada kibaki ndani ya mshono wa ubavuni, na marinda yakunjwe bila kukatwa. Atanenepa, atapungua, atazaa, binti atakua, au mtindo utapitwa na wakati. Siku hiyo gauni litafumuliwa na kushonwa upya.

Masharti hayo yangeeleweka, moja baada ya jingine, na mshonaji wa London wa mwaka 1760.

Katika Ulaya ya karne ya 18, bei ya gauni ilikuwa hasa bei ya kitambaa. Ujira wa mwanamke aliyelishona ulikuwa sehemu ndogo tu ya gharama, kwa kuwa mikono ilikuwa rahisi na nguo ilikuwa ghali. Mwingereza mmoja, Barbara Johnson, binti wa kasisi, alianza mwaka 1746 akiwa bado mtoto kubandika katika daftari kubwa la hesabu vipande vya vitambaa alivyoshonea nguo zake. Kando ya kila kipande aliandika yadi ngapi zilinunuliwa, kwa bei gani, na zilishonwa vazi gani. Aliendelea hivyo hadi mwaka 1823, yaani kwa zaidi ya miaka 70. Daftari hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert jijini London, na anayelifungua anaona mara moja kwamba kilichohesabiwa kama mali ni kitambaa, wala hakuna aliyejali sana fundi alikuwa nani.

Kitambaa kilichotamaniwa kuliko vyote na wanawake wa kawaida wa zama hizo kilitoka India. Ni pamba nyepesi yenye maua, ndege na mizabibu, ambayo Waingereza waliita chintz, na Kiswahili cha zamani kikaiita chiti, majina yote mawili yakiwa yamezaliwa na neno moja la Kihindi. Uzuri wake haukuwa maua pekee. Mafundi wa pwani ya mashariki ya India walijua jambo ambalo Ulaya ilikuwa haijalimudu vizuri: kuifanya rangi ishike kwenye pamba. Walipaka kwanza maji ya shabu mahali palipotakiwa kuwa pekundu, na maji ya chuma mahali palipotakiwa kuwa peusi, kisha wakachemsha kitambaa kizima katika rangi ya mizizi. Rangi ilishika pale tu ilipoandaliwa. Palipotakiwa kuwa na buluu palichovywa katika nili, huku sehemu nyingine zikiwa zimezibwa kwa nta. Matokeo yake yalikuwa nguo iliyoweza kufuliwa mara nyingi bila maua yake kuyeyuka.

Hapo ndipo msingi wa habari yote hii ulipo. Hariri haikupenda maji, na sufu ilisinyaa. Pamba iliyochapwa kwa rangi imara ilifuliwa, ikafumuliwa, ikapigwa pasi, ikashonwa upya, na maua yakawa yaleyale. Nguo inayoweza kufuliwa ndiyo nguo inayoweza kuwa na maisha mengi.

Serikali za Ulaya hazikufurahia mapenzi hayo. Ufaransa ilipiga marufuku pamba zilizochapwa mwaka 1686 na haikuziruhusu tena hadi mwaka 1759. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1700 dhidi ya vitambaa vya rangi kutoka Asia, na mwaka 1721 ikatunga nyingine kali zaidi iliyokataza hata kuvaa pamba zilizochapwa, ikilinda wafumaji wa sufu na hariri. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1774. Kabla haijapitishwa, mwaka 1719, wafumaji wa London waliingia barabarani wakawavamia wanawake waliovaa magauni ya maua, wakiwachania nguo mwilini na kuwamwagia wino na tindikali. Mabishano ya mitumba na viwanda vya ndani, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wameyazoea, yana babu yake huko.

Gauni lenyewe lilijengwaje? Kwa mtu aliyezoea kuona fundi akichora chaki na kukata vipande 12 kabla hajakalia cherehani, jibu linashangaza: lilikunjwa zaidi ya kukatwa. Mshonaji alianza na bitana ya kitani iliyokatwa kufuata mwili wa mteja. Juu ya bitana hiyo alilaza pamba ya maua, akaikunja marinda hadi ikakaa mahali pake, kisha akaishikiza kwa sindano. Katika mtindo wa Kifaransa, mikunjo miwili mikubwa iliachwa ianguke kutoka shingoni hadi sakafuni, upande wa mgongoni, kama joho. Katika mtindo wa Kiingereza mikunjo hiyohiyo ilibanwa kwa mshono mgongoni hadi kiunoni, halafu ikaachiwa ifunguke kuwa sketi. Katika mitindo yote miwili kitambaa cha mgongoni kilishuka kutoka begani hadi pindoni bila kukatwa kiunoni.

Kwa hiyo gauni la Kifaransa lilipopitwa na wakati, mwenye nalo hakuhitaji kitambaa kipya. Mikunjo ililazwa, ikashonwa, na mtaani likapita gauni la Kiingereza. Sketi nayo ilikuwa mistatili mizima iliyounganishwa ukingo kwa ukingo kwa mishono mirefu ya mkono, ambayo mtu huivuta uzi mmoja na kuifungua yote. Mbele hapakuwa na vifungo; gauni lilifungwa kwa pini, hivyo mwili ulipoongezeka au kupungua pini zilihamishwa tu. Ukakamavu wote wa mshono uliwekwa mahali palipobeba uzito, yaani kwapani na mgongoni. Kwingine kote mshonaji alikuwa, kwa makusudi kabisa, akimwachia kazi rahisi atakayekuja kufumua.

Wahifadhi wa makumbusho husoma historia hiyo kwenye nguo kama mpelelezi asomavyo nyayo. Tundu za sindano zilizopangana mahali pasipo na mshono huonyesha mshono wa zamani. Mstari hafifu uliokatiza ua katikati ni alama ya rinda lililokunjuliwa. Palipokuwa chini ya kunjo, rangi hubaki changa wakati pembeni imefifia. Na kwapani hupatikana viraka vidogo vilivyotafutwa kwa uangalifu ili jani liungane na jani lake, kwani aliyeunga hakutaka muungo uonekane. Magauni ya miaka ya 1780 yaliyoshonwa kwa kitambaa cha miaka 30 au 40 nyuma si kitu cha ajabu katika hifadhi hizo.

Ukarabati huo ulikuwa na mwelekeo mmoja tu. Gauni pana lingeweza kuwa jembamba. Jembamba halikuweza kuwa pana. Kuelekea mwisho wa karne kiuno kilipanda hadi chini ya matiti na sketi ikapungua upana, na kila gauni la zamani likawa ghala la kitambaa cha kutosha gauni jipya na mabaki. Ndiyo sababu mojawapo ya magauni mapana ya pamba kuwa machache leo. Mengi hayakuchakaa, bali yaligeuka kuwa mengine.

Baada ya hapo safari iliendelea kushuka. Gauni lilipewa mtumishi wa nyumbani, au likauzwa kwa wachuuzi wa nguo kuukuu, waliokuwa wengi London kama walivyo wengi Karume na Memorial. Likakatwa nguo ya mtoto. Vipande vizuri viliingia katika mashuka ya viraka. Matambaa yaliyobaki yalinunuliwa na watengeneza karatasi, kwa maana hadi katikati ya karne ya 19 karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa vitambaa vilivyopondwapondwa. Msomaji wa gazeti wa wakati huo alikuwa, bila kujua, ameshika nguo za watu.

Mahali panapoonyesha vizuri zaidi thamani ya vipande hivyo ni hospitali ya watoto waliotelekezwa ya London, Foundling Hospital, iliyoanza kupokea watoto mwaka 1741. Mama asiyeweza kumlea mwanawe alimfikisha pale, na karani alikata kipande cha nguo ya mtoto, au akapokea kipande kilicholetwa na mama, akakibana kwa pini kwenye karatasi ya usajili. Jina la mama halikuhitajika. Kama siku moja angerudi, kitambaa kingekuwa shahidi. Vipande kama 5,000 vimesalia, na ndiyo hazina kubwa kuliko zote ya nguo za kila siku za watu wa karne hiyo. Vingi ni pamba na kitani zilizochapwa maua, na vingi vilitokana na nguo za watu wazima zilizogeuzwa nguo za wachanga, yakiwamo mikono ya magauni. Akina mama hao walikuwa wamefika mlangoni na mtoto aliyevikwa gauni lao wenyewe.

Mmoja wao, Sarah Bender, alimwacha mwanawe Charles mwezi Februari mwaka 1767 pamoja na nusu ya kitambaa cha viraka kilichotariziwa moyo. Moyo ulikatwa katikati. Nusu ilibaki hospitalini, nusu ilibaki kwa mama. Mwaka 1775 alirudi na kumchukua mtoto wake, jambo lililotokea kwa wachache sana.

Ufumuaji wa nguo za kigeni, hata hivyo, haukusubiri London. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeuanza zamani. Mreno Duarte Barbosa, akieleza mambo ya Sofala mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba Waislamu wa huko walifuma nguo nyingi nyeupe za pamba lakini hawakuwa na rangi ya kuzitia. Walichofanya ni kuchukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakafuma upya nyuzi hizo pamoja na nyeupe zao. Huo ni ukarabati uliopita hatua ya mshono. Uliingia hadi kwenye uzi.

Kanga nayo, vazi ambalo hakuna Mtanzania asiyelijua, inasimuliwa kuwa ilianza kwa kuunga. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vitambaa vya mkononi vilivyochapwa na kuuzwa vikiwa vimeshikamana katika jora. Walikata sita, wakazigawa tatu kwa tatu, wakaziunganisha ubavu kwa ubavu na kupata vazi moja pana lenye pindo za kila namna. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza viwandani vazi zima lililokwisha kuchapwa pindo na mji wake. Mombasa bado inaliita leso. Yaani kiwanda cha Ulaya na India kilifuata sindano ya mwanamke wa pwani, wala hakikuitangulia.

Bara, na hasa katika nchi zinazoizunguka Samunge, mambo yalikwenda vivyo hivyo ingawa mnunuzi alikuwa mwingine. Misafara ya pwani ilipotaka kupita Umasaini ilibeba merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopata jina lake kutokana na kuletwa Unguja na Wamarekani tangu miaka ya 1830. Lakini merikani tupu haikutosha. Mskochi Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1883, alieleza jinsi msafara wake ulivyolazimika kusimama Taveta na kufanya kazi ya sindano kabla ya kuendelea. Pamba ilikatwa na kushonewa katikati mstari mrefu wa kitambaa cha rangi, ikawa vazi la vita la morani lililoitwa naibere. Shanga nazo zilitungwa upya kwa urefu uliokubalika. Bila hivyo Wamasai wasingezigusa. Msafiri wa Kizungu aliyekwenda na bunduki na vyeti alijikuta akisimamia karakana ya washonaji, kwa sababu mnunuzi alijua anachotaka.

Batemi, wakulima waliozungukwa na wafugaji hao, waliendelea muda mrefu na mavazi ya ngozi za mbuzi. Pamba iliingia polepole, kwa wanaume kabla ya wanawake. Shule, makanisa na maduka madogo ya njia panda ndivyo vilivyoleta gauni la kukatwa na kushonwa. Kisha likaja shinikizo la serikali. Mwaka 1967 na 1968 Mkoa wa Arusha uliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi, shuka za begani na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Waliokaidi walizuiwa kupanda mabasi na kuingia katika baadhi ya majengo ya umma. Waliopanga kampeni hiyo walihesabu utamaduni, wakasahau kuhesabu yadi. Shuka haikatwi, haina saizi, na baba anaweza kumrithisha mwana jioni ileile. Suruali inahitaji fundi, vifungo na mwili mmoja.

Hesabu ya yadi ilirejea kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni ziliadimika, viwanda vya nguo vikakosa vipuri na rangi, na kanga ikawa bidhaa ya kupanga foleni. Doti moja ilisubiriwa kwa siku nyingi. Ilipofika mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, nguo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofukuliwa mafichoni. Kizazi kilichokuwa na watoto wakati huo hakihitaji kuelezwa maana ya kukarabati. Gauni la mama lilikuwa sare ya nyumbani ya watoto wawili, na kiraka hakikuwa aibu.

Katikati ya muongo huo masharti ya biashara yalilegezwa na mitumba ikamiminika. Wengi huamini kwamba mitumba iliua ufundi wa kukarabati. Ukweli una pande mbili. Ni kweli kwamba gauni la mtumba linaloweza kununuliwa kwa bei ndogo kuliko ujira wa fundi huondoa sababu ya kufumua la zamani. Lakini mtumba wenyewe mara nyingi hauvaliki kama ulivyo, na mafundi wengi wa barazani wamejifunzia kazi humo. Hupunguza kiuno, hutoa mikono na kuitumia kupanua ubavu, hubadili gauni refu kuwa sketi na blauzi. Anayefumua koti la Ulaya hujifunza jinsi lilivyoshonwa, tena bila ada. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuelekea kuondoa nguo za mitumba, Marekani ilitishia upendeleo wa kibiashara wa AGOA. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo huo upande wa nguo. Katika mjadala ule mrefu fundi wa kukarabati hakutajwa sana, ingawa ndiye aliyesimama katikati ya pande zote.

Tishio kubwa zaidi kwa gauni linalofumuliwa linatoka mahali pengine, na halina sheria wala mkutano wa wakuu wa nchi. Limo ndani ya kitambaa chenyewe na katika mkato.

Kitenge halisi cha nta hutengenezwa kwa njia iliyo binamu ya ile chiti ya India. Utomvu mzito huchapwa pande zote mbili za pamba, kitambaa huchovywa katika nili, na palipozibwa hubaki peupe hadi rangi nyingine ziongezwe. Asili yake ni batiki ya Java, ambayo viwanda vya Uholanzi viliiga kwa mashine katika karne ya 19. Kwa kuwa rangi imepenya pande zote mbili, kitenge hicho hakina mgongo wala uso. Gauni likififia kwa jua upande wa nje, fundi analifumua, analigeuza, na wa ndani unakuwa wa nje. Hilo ni jambo ambalo hata chiti ya karne ya 18, iliyopakwa upande mmoja, haikuliweza.

Vitenge vingi vya bei nafuu vilivyojaa sokoni leo vimechapwa upande mmoja tu, na vingine si pamba kabisa bali ni polista. Polista haifyonzi jasho, na pasi kali huiyeyusha. Hata alama ya mshono wa zamani ni shida kuiondoa, kwa sababu kunjo lililochomwa na pasi hukaa humo daima. Ikichanika hailei kiraka vizuri. Ni nyepesi, inang'aa, ina maua makubwa, na ni ya maisha mamoja.

Mkato nao umebadilika. Gauni la kubana lenye vipande vingi, linalofuata kila pindo la mwili, hukatwa mbalimbali na upande mwingine hukatwa mshazari. Kingo zake hupitishwa kwenye mashine ya ovaloki, ambayo hukata kila kilichozidi na kufunga ukingo kwa nyuzi tatu au nne. Kwa macho ni kazi safi, tena imara. Kwa atakayefumua ni msiba: kitambaa cha ziada kimekwisha kuanguka sakafuni, na kilichobaki hakizidi sentimita moja. Gauni la harusi la kamati, lililoshonwa kwa kitenge cha sare na kuvaliwa mara moja, ndilo mfano ulio wazi. Yadi zake zilikuwa nne au sita. Baada ya mkasi hakuna kipande kinachofika nusu yadi.

Linganisha na gauni la zamani la kijijini. Sketi yake ni mistatili miwili au mitatu iliyokunjwa kiunoni. Ikifumuliwa inatoa karibu kitambaa chote kilichoingia, na kutoka humo hupatikana sketi ya kufunga, gauni la msichana wa shule ya msingi na mbeleko. Kifua na mikono, ambavyo huchakaa mapema kwapani, hugeuka mifuko na vitambaa vya kushikia sufuria. Cha mwisho kabisa husokotwa kuwa ngata ya kubebea ndoo ya maji. Kwa mwanamke ambaye shamba limeandikwa jina la mumewe na mbuzi ni wa ukoo, sanduku la nguo mara nyingi ndiyo akiba ambayo hakuna anayemuuliza. Sheria ya Uingereza ya karne ya 18 ilimweka mke mahali panapofanana na hapo. Mali yake ya kuchukulika ilikuwa ya mume, lakini akifiwa na mume aliruhusiwa kubaki na nguo na mapambo yanayolingana na hadhi yake.

Kwa anayetaka gauni la namna hiyo leo, uchaguzi huanzia dukani. Kitambaa kigeuzwe: kama maua ya nyuma yana nguvu sawa na ya mbele, kitaweza kupinduliwa miaka ijayo. Uzi mmoja uchomolewe ukingoni na kuwashwa kiberiti. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa polista huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu cheusi. Kifuliwe kabla ya kupelekwa kwa fundi, kwa kuwa pamba husinyaa, na ni heri isinyae ikiwa bado nzima. Fundi aambiwe mapema pindo liwe la upana wa vidole vinne na ubavuni kibaki kidole kimoja na nusu kila upande, maana asipoambiwa ataukata mshono kwa mazoea.

Linabaki suala la mabaki. Washonaji wa London walisifika kwa kujiwekea vipande vilivyosalia, hata Waingereza wakavipa jina la kabichi, na wateja waliokuwa makini walipima yadi zao kabla na baada. Kwenye baraza za cherehani za Tanzania mazoea hayo yapo pia, ingawa hayana jina la mboga. Mwenye gauni ayaulizie mabaki yake kabla hajaondoka. Kiraka cha kwapa kitakachohitajika miaka mitano ijayo, chenye ua lilelile na rangi ileile, kimo humo, na dukani hakitapatikana tena.